Kabla ya Zamu ya Pascaline

...na huyo wa mwisho wa meza amesema ana shati la bluu na kipara, watu wakacheka, kipaza sauti kikapita kwa jirani, maana ndio utaratibu wa mikutano hii ya walemavu hapa Lilongwe, kila mtu aeleze sura yake ili wasioona nao wajue wameketi na nani, jambo jema, nani angelipinga, lakini yeye Pascaline aseme nini, magongo ameyaegemeza kitini, miguu iliyoharibiwa na polio tangu utotoni kule Bukavu ameificha ndani ya kitenge, aseme mwanamke mweusi, humu ndani nani si mweusi isipokuwa Madame Odile, ambaye amejieleza bila haya, mzungu, nywele za mvi, kiti cha magurudumu, kisha akamtupia Pascaline tabasamu, kwa sababu asubuhi alimwambia kwa Kifaransa kwamba wao wawili ni dada, ulemavu hauna rangi... hauna rangi, haya, na pale getini je, walifika pamoja, yeye na magongo, Madame na kiti chake chepesi, askari akampigia Madame saluti, kisha akamzuia Pascaline kwa mkono, mama, leo si Ijumaa, kwa kuwa Ijumaa ndiyo siku ya ombaomba kupita madukani, na aliposikia lafudhi yake akaongeza kwamba Warundi wamezidi, yeye Mkongo ambaye Burundi hajaishi hata wiki, lakini mjini hapa kila mkimbizi ni Mrundi, basi Madame akasema huyu yuko na mimi, geti likafunguka, na Pascaline akashukuru, akashukuru huku moyo unamuuma, kwani hakualikwa kwa jina lake mwenyewe?... halafu mwenyekiti akafungua mkutano, humu hakuna rangi wala taifa, sote ni walemavu, makofi, yeye naye akapiga, kumbe viti vipya vya magurudumu watapewa wenye kitambulisho cha uraia tu, na Irambona kule kambini Dzaleka, Mrundi wa kweli huyo, ataendelea kutambaa mpaka bombani, viganja vimeota sugu kama nyayo, lakini Pascaline akilitaja hilo watasema ameleta siasa, hawatamwita tena, afadhali anyamaze leo asaidie kesho, haraka haraka haina baraka, ndivyo anavyojidanganya kila mkutano, na wakimbizi wenzake nao, walipoandamana mwaka jana bango alishona yeye, kwa cherehani yake ya mkono, siku yenyewe wakamwambia, tena kwa upole, Mama Pascaline, we baki, utatuchelewesha... kule aache miguu, huku aache kambi, anajikata vipande kumpendeza kila mteja, mwisho atabaki na kitambaa gani... sasa kipaza sauti kimefika kwa Zénon, mkimbizi mwenzake wa Dzaleka, kipofu wa kuzaliwa, anakishika kwa mikono miwili.

“Mi ni Zénon. Bananiambia mi ni mweusi. Mi sijaiona hiyo rangi hata siku moja, lakini bantu banaonaka hiyo kwanza, kisha njo baone fimbo.”

Hakuna anayecheka, mkalimani amekwama, anatafuta Chichewa cha kulisema hilo bila kumkera mwenyekiti, Zénon anamsubiri, kipaza sauti bado kiko mikononi mwake, na Pascaline anahisi hofu inamtoka na hasira inakaa mahali pake, hasira nzuri, ya mtu aliyeshiba, atasema yote kwa pamoja, mwanamke mweusi, mkimbizi, miguu ya polio, Irambona anataka kiti, na la getini pia atalisema, wakitaka wasimwite tena, na Madame Odile, mtoto wa watu, mwenye roho safi, bado anamtabasamia kutoka ng'ambo ya meza, ataumia, Pascaline anajua ataumia na anamwonea huruma, anampenda kweli, lakini si amemwita dada, na dada ambaye hamjawahi kugombana naye bado ni mgeni tu, basi leo wagombane...