Jicho la Kuchungulia

Mwaka mzima binti yangu Nasma alikaa Njombe kwa wifi yangu Salha, jirani na hospitali, akizibwa jicho zima la kulia ili lile vivu la kushoto lijifunze kazi. Mwaka mzima! Mimi niko Makambako na marobota yangu ya mitumba, serikali ndiyo kwanza imeiruhusu biashara hiyo, kila mtu anaigombania. Nikikuta kigauni cha umri wake, nakiweka pembeni. Vilifika kumi na vinne.

Akarudi mwezi wa sita, ana miaka sita. Daktari alisema jicho limepona, ila tuliangalie lisije likalala tena.

Basi nikaangalia. Sisi wa mitumba tunainua kila nguo kwenye mwanga kutafuta matundu. Nikampa shati lililotoboka.

"Chungulia, unaona nini?"

Akachungulia kwa jicho la kulia. Nikampa suruali: la kulia tena. La kushoto limelala, nikajisemea, na wakijua watamrudisha Njombe. Thubutu! Sikumwambia Salha wala daktari. Nikakata kitambaa, nikamziba mwenyewe lile la kulia, asubuhi mpaka jioni.

Mtoto niliyemlilia mwaka mzima akaanza kunikimbia. Akisikia mkasi tu, huyoo, nyuma ya marobota. Nikimwita haitiki. Iliniuma, lakini nikakaza roho. Bora anichukie akiwa kwangu.

Wiki ya tano ikafika siku ya kliniki, tukaenda Njombe. Daktari akamfungua, akampima. Kwa jicho la kushoto peke yake Nasma akaonyesha alama zote, mpaka mstari wa chini. Nikaeleza habari ya matundu.

"Mama Nasma, macho yote mawili yanaona," akasema. "Akichungulia anatumia analolipenda. Hata wewe unalo. Huo si ugonjwa. Nani alikuambia umzibe?"

Nilitamani ardhi ipasuke.

Nje nikakitupa kile kitambaa. Nasma alisimama mbali kidogo, mikono nyuma.

"Mama, sasa naruhusiwa kukuangalia kwa jicho ninalolitaka?"

Nikachuchumaa palepale vumbini. "Niangalie, mwanangu. Kwa yote mawili. Nisamehe."

Akaniangalia sana, macho yote wazi. Nikafungua mikono nimpokee. Hakusogea. Akageuza shingo kuelekea njia ya nyumba ya Salha.

"Shangazi yupo nyumbani leo?"