Shubiri ya Pili

Miezi miwili Asteria alitembea nyuma ya Valerian, mtaalamu wa udongo kutoka chuoni, jembe begani. Kila baada ya hatua mia mbili alichimba kina cha shubiri moja, akajaza mfuko udongo, akaandika namba. Walikuwa wakitafuta zebaki, ile dawa ya kunasia dhahabu ambayo wachimbaji waliimwaga ovyo kitongojini miaka nenda rudi.

Leo ramani ya majibu ya vipimo ilibandikwa ukutani kwa mwenyekiti Maganga. Pekundu, sumu. Pa kijani, salama.

"Kina mama, bustani zenu limeni kwenye kijani," Maganga alitangaza.

Asteria alisogea. "Kaka Valerian, hapa katikati hatukuchimba. Rangi umeitoa wapi?"

"Kwa majirani. Udongo ni kama watu, walio karibu hufanana. Nimepima undugu wao: ukivuka mita mia nne, kila mmoja na ukoo wake. Basi pasipochimbwa, kompyuta inauliza majirani, na wa karibu ndiye anayesikilizwa zaidi."

"Na huyo wa karibu akiwa mgeni?"

Watu wakacheka. "Mbeba jembe naye kawa profesa!" alisema Maganga.

Asteria hakucheka. Kijani chote cha pale katikati kilitokana na mfuko namba thelathini na moja, uwanja wa dada yake Violeth. Mwaka juzi Violeth alipoolewa, ndugu walisomba udongo wa kichuguu kwa mkokoteni wa ng'ombe, wakaumwaga uwanjani na kuushindilia kwa nyimbo, maana mwali haaniki mtama kwenye vumbi. Asteria mwenyewe alishindilia. Chini yake palikuwa na mwalo wa zamani, mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu kwa zebaki. Siku ya kuchimba aliuona ule wekundu wa kichuguu, akanyamaza. Aliambiwa shubiri moja. Nani wa darasa la saba amfundishe wa chuo?

Sasa alisema yote. Valerian alichukua jembe mwenyewe.

Violeth aliwakuta uwanjani, mimba yake ya miezi saba ikimtangulia. "Heh! Mnanichimbia kaburi mchana kweupe?"

Shubiri ya kwanza, wekundu. Ya pili, mchanga wa kijivu, laini kama unga. Valerian aliuchota, akausugua kati ya vidole.

"Inabidi ukapimwe," alisema taratibu. "Lakini huu ni wa mwalo."

"Basi kaya zote hizi za kijani..." Asteria alianza.

"Zote. Nilimuuliza jirani mmoja tu."

Violeth alitazama ukingo wa uwanja, matembele yake yaliyostawi kuliko ya mtu yeyote, mizizi ikiwa imezama mbali.

"Asteria. Siku ile ulipochimba, ulijua?"

"Niliona, dada."

"Nimeyala tangu mvua za kwanza. Mimi na huyu."

Asteria alipiga magoti, akaanza kung'oa matembele shina kwa shina, akiyatia kwenye mfuko. Juu ya mfuko aliandika thelathini na moja. Nyuma yake Violeth alisimama, mikono yote miwili tumboni, akisubiri kitu kicheze.