Kamati ya Mvua

Harusi za Watanzania wa Maryland huendeshwa na kamati. Kuna kamati ya chakula, kamati ya mapambo, kamati ya usafiri, kamati ya vinywaji ambayo kila mwanamume anataka kuwamo, na juu ya zote kuna kamati kuu, ambayo kazi yake kubwa ni kuahirisha vikao. Kamati ya mvua haikuwahi kusikika mpaka Irene, binti wa pekee wa Gregori na Domina, alipotangaza kwamba sherehe yake itafanyika nje, shambani, kwenye nyasi, mwezi wa sita, wakati ambapo mawingu ya huku hukaa kimya mchana kutwa kisha yakaamua kumwaga kila kitu kwa mara moja.

Mwenyekiti wa kamati hiyo, ambaye pia alikuwa katibu na mjumbe pekee, alikuwa Domina mwenyewe. Aliteuliwa na bibi harusi sebuleni kwao Bowie, mbele ya kamati kuu nzima iliyokuwa inatafuna sambusa.

"Mama, wewe ndiye utaamua," Irene alisema. "Jumamosi asubuhi, saa nne, nitakupigia. Ukisema ukumbini kule kanisani, tunahama. Ukisema shambani, shambani. Mimi siku hiyo siangalii weather kabisa, nita-panic bure."

Wajumbe walitazamana. Kumpa Domina kazi hiyo ilikuwa sawa na kumwachia mbuzi alinde mchicha, na kila mtu mle ndani alijua hivyo isipokuwa aliyempa.

Domina hakuitaka harusi ya shambani tangu siku ya kwanza. Ndoa yenyewe haikuwa na shida, padri angeifunga kanisani mchana kama inavyotakiwa. Ugomvi ulikuwa juu ya sherehe. Irene alimwonyesha picha kwenye simu: banda la kale la mbao, marobota ya majani makavu badala ya viti, maua ndani ya chupa za jamu, na mezani, badala ya vitambaa, magunia. Magunia! Domina alizaliwa kijijini Kilema, Moshi, kwenye nyumba ambayo ng'ombe alilala upande wa pili wa ukuta, na alibeba magunia ya kahawa kichwani tangu akiwa na meno ya utoto. Alivuka bahari ili asiyaone tena.

"Hii inaitwa rustic, Mama," Irene alimweleza. "Ni style."

Usiku ule alimuuliza mumewe neno hilo maana yake nini kwa Kiswahili. Gregori, mtu wa ofisi za serikali, hujibu kila swali bila haraka. Alivua miwani, akafikiri.

"Ya kishamba," alisema.

"Si ndivyo nilivyosema mimi?" Domina alijibu, akageukia ukutani.

Alichokitaka yeye kilijulikana kwa wote. Alitaka ukumbi wenye kiyoyozi, sakafu inayong'aa, viti vilivyovalishwa vitambaa vyeupe na utepe mgongoni, na meza kuu juu ya jukwaa, ili hata aliyekaa nyuma kabisa amwone binti yake. Kwa miaka mingi alifanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee, akiwageuza na kuwabadilisha nguo, na kila alipoalikwa harusi ya mtoto wa mwenzake alirudi nyumbani akiwa ameshaipanga ya Irene kichwani hadi rangi ya leso za mezani. Yeye mwenyewe aliolewa bomani, wakati wa mapumziko ya chakula cha mchana, na Gregori akamnunulia soda. Hakuwa na kinyongo na ile soda. Ila ukweli ni kwamba harusi aliyoipanga kichwani ilikuwa yake, na Irene alikuwa amepangiwa tu kuivaa.

Basi mwenyekiti akaanza kazi. Aliweka kwenye simu programu nne za hali ya hewa, na kila asubuhi alisoma zote, kisha akaiamini ile yenye habari mbaya kuliko wenzake. Rafiki yake Honorata, kiongozi wa jumuiya ya kanisa, aliitisha novena, sala za siku tisa, ya kuombea jua. Domina alihudhuria, angekosaje, akapiga magoti na kuitikia amina pamoja na wengine. Ila moyoni alikuwa anaomba upande wa pili, na wakati mwingine alihisi Mungu anamtazama yeye peke yake katika kundi lote lile.

Alhamisi programu zote nne zilikubaliana: Jumamosi, radi na mvua kubwa. Domina aliimba jikoni. Ijumaa alimwambia Honorata, ambaye ndiye aliyeshika kamati ya chakula, apeleke kila kitu kwenye ukumbi wa kanisa kule Riverdale Park.

"Hata kabla ya kuamua?" Honorata aliuliza.

"Ni tahadhari tu, shoga. Ndiyo kazi yangu."

Wakakesha kwenye tahadhari. Walivalisha viti vitambaa vyeupe, wakafunga utepe wa rangi ya dhahabu mmoja mmoja, wakapanga maua ya kweli kwenye vyombo vya kioo. Shambani Domina hakupeleka hata mwavuli. Mwenye shamba, mama mmoja wa Kizungu asiyevua buti za mpira, alimpigia kuuliza kama wangependa kukodi turubai kubwa la kufunika uwanja, kwani bado lilikuwepo moja. Domina akamshukuru sana, akasema hapana, kamati imeshapanga kila kitu.

Jumamosi kulikucha na jua.

Halikuwa jua la kujivunia. Upande wa magharibi kulikuwa na wingu lililokaa pale kama mgeni asiyesema amekuja kwa ajili gani, lakini kwingine kote kulikuwa kweupe. Domina, akiwa amesimama katikati ya ukumbi na simu mkononi, alizisoma programu zake. Moja ilisema mvua ni ya hakika jioni. Mbili zilisema labda manyunyu. Ya nne, ambayo siku zote aliidharau, ilisema hakuna kitu.

Ukumbi ulikuwa umependeza kupita alivyouota. Hata Honorata, ambaye huwa hasifii kitu bila kutaja kasoro, alikuwa ametoa macho tu. Saa nne simu iliita.

"Mom? Nipo kwa msusi, bado nywele nusu." Nyuma ya sauti ya Irene mashine ya kukausha nywele ilikuwa inavuma. "Okay, sema. Ni wapi?"

"Subiri kidogo, mwanangu. Naangalia."

Honorata alimsogelea sikioni. "Sema ukumbini," alinong'ona. "Wingu si lile pale? Nani atajua?"

Domina akatoka nje, kwenye maegesho, akatazama juu. Alitaka lile wingu limsaidie. Alilikazia macho, akaliomba kabisa, litoe hata ngurumo moja ya kushikia. Halikutoa. Akajiuliza swali ambalo alikuwa amelikwepa wiki nzima: kama ukumbi huu usingekuwepo, kama asingejua lolote juu ya vitambaa vyeupe, angemwambiaje mtoto wake kwa mbingu hii? Jibu lilikuja upesi, wala halikumfurahisha.

"Mama, huna haja ya kunieleza," Irene alisema simuni. "Sema tu neno moja. Whatever you say, twende."

Domina aliutupia ukumbi jicho la mwisho.

"Shambani," alisema.

"Yes! Asante, Mama! Love you!" Simu ikakatika. Mlangoni Honorata alikuwa amesimama na mkasi mkononi, anamtazama mwenzake kama mtu aliyeshuhudia ajali.

"Domina, una wazimu?"

"Nisaidie kubeba masufuria," Domina alimjibu.

Kuhamisha pilau la watu wote wale, ndizi nyama, kuku na keki ya ghorofa kutoka Riverdale Park hadi shamba lililo nje ya Bowie si jambo la kusimulia kwa mtu mwenye presha. Gregori aliendesha gari akiwa amepakata bakuli la kachumbari. Hakumuuliza mkewe kitu, na Domina alimshukuru kwa hilo, maana angelia. Alikuwa ameviacha viti vyake vimevaa vizuri, gizani, bila mgeni hata mmoja.

Na shamba, tuseme haki, lilikuwa zuri. Baada ya ndoa wageni walifika kwa mafungu, Watanzania wa Domina na Wakenya wa Kimutai, bwana harusi, wakakaa kwenye marobota wakicheka na kutoana majani migongoni. Upepo ulikuwa mwanana. Irene alipita katikati ya nyasi akiwa ameshikana mkono na mumewe, gauni likimfuata nyuma, na Domina, ambaye robota lilikuwa linamchoma kupitia lesi, alijikuta anatabasamu bila kupanga. Akaanza hata kufikiri kwamba labda ameponea.

Mshereheshaji, kijana mmoja machachari aitwaye Method, ndiyo kwanza alikuwa anawaita maharusi kukata keki, wingu lilipokumbuka kilicholileta.

Haikuanza na manyunyu. Ilishuka yote. Wageni wakatimka kuelekea bandani, mwingine na sahani, mwingine na kiatu kimoja. Akina mama wa chakula wakainua masinia yao na kukimbia wakiimba majina ya watakatifu. Method aliendelea kutangaza keki mpaka kipaza sauti kilipozimika. Wakati Domina anageuka mlangoni mwa banda, uwanja ulikuwa umebaki mtupu, isipokuwa kwenye meza kuu iliyokuwa mwisho kabisa wa shamba. Pale walikuwa wamesimama Irene na Kimutai, na kati yao na banda palikuwa na tope jekundu linalotiririka. Hapakuwa na turubai. Hapakuwa na ubao hata mmoja wa kukanyagia. Mwenyekiti wa kamati ya mvua alikuwa ameandaa mahali pamoja tu pa kukimbilia, napo ni mwendo wa nusu saa kwa gari.

"Mum, usijali!" Kimutai alipiga kelele kwa mbali, maji yakimtoka kwenye kidevu. "Sisi kwetu mvua ni baraka!" Akajaribu kumbeba bibi harusi, akateleza, akapiga goti moja topeni, na suruali yake nyeupe ikawa na historia.

Domina alifungua mkoba, akatoa khanga zake. Mwanamke wa kwetu haendi harusini bila khanga, iwe Moshi iwe Maryland, kwani huwezi kujua ni saa ngapi utahitaji kumtunza mtu au kufuta machozi. Akakimbia mvuani hadi meza kuu na nywele zake za saluni, akainama, akatandika ya kwanza kwenye tope mbele ya miguu ya binti yake. Akatandika ya pili. Khanga zikaisha, na banda lilikuwa bado mbali.

Hapo ndipo Honorata alipopiga kigelegele. Alitoka bandani akikimbia na khanga zake mbili, nyuma yake akina mama wengine, na shangazi zake Kimutai na leso zao, ndivyo Wakenya wanavyoziita, na mama mmoja Mkongo aliyejivua kitenge cha juu bila kuulizwa. Kila Irene alipopiga hatua, waliokuwa nyuma waliiokota khanga iliyokwisha kukanyagwa, wakakimbia nayo mbele na kuitandika tena. Hivyo ndivyo bibi harusi hupokelewa ukweni, juu ya nguo za mama zake, isipokuwa safari hii ilifanywa kwa mbio, kwa vigelegele na kwa kugongana vichwa. Alipofika bandani gauni lilikuwa limeshachafuka mpaka magotini, na hakuna aliyekuwa mkavu, ila watu wote walikuwa wanaimba.

Walikata keki kando ya trekta. Mbuzi wa mwenye shamba walitazama kwa heshima.

Baadaye, muziki uliporudi na Wakenya walipokwisha kuushika uwanja mdogo uliokuwepo, Domina alijitenga pembeni, akaanza kukamua pindo la gauni lake. Alikuwa amechoka mwili mzima. Alijua watu wataisimulia harusi hii kuanzia Bowie hadi Kilema, na watakachosema kwanza ni tope.

Irene akaja akiwa peku, amejifunga khanga juu ya gauni lililoharibika. Macho yake yalikuwa mekundu kidogo.

"Baba ameniambia," alisema.

"Baba yako hajui kutunza siri. Amekwambia nini?"

"About the hall. Kwamba ulipamba usiku kucha. Viti, maua, kila kitu, hadi chakula kilikuwa huko." Irene aliikaza khanga kiunoni. "Mama, saa nne ulikuwa umesimama mle ndani. Si ungesema tu ukumbini?"

Domina aliendelea kukamua pindo, maji yakachuruzika kwenye majani.

"Ningewezaje? Ungeniamini," alisema.

Irene akaketi kwenye robota lililolowa, akamvuta Domina akae naye, akamwegemea begani kwa uzito wake wote, kama alivyokuwa akifanya zamani mama yake alipokuwa anarudi asubuhi kutoka zamu ya usiku.