Siga ya Tumbaku ya Lufira

Benoît, mwenye hoteli mjini Likasi, alivuta siga mpaka mashavu yakabonyea, lakini moshi haukuja. Akaiweka mezani.

"Udongo ya Lufira haifai, Asani. Sitanunua."

Asani alikuwa ameacha kulima mahindi ili apande tumbaku hiyo kando ya mto Lufira. Siga ilikuwa imesokotwa na Fatou, mkewe. Fatou aliichukua akaipasua kwa wembe. Katikati, majani yalikuwa yamejifunga fundo.

"Papa Benoît, shamba haina makosa. Ni mukono yangu ilikaza sana."

Benoît akawasha jani moja lililolegea. Likaungua polepole, likaacha jivu jeupe na harufu tamu.

"Tumbaku nitachukua," akasema. "Lakini wa kusokota nitatafuta mwingine."

Asani akashusha pumzi. Fatou akakusanya majani mezani, asimtazame mtu.