Kobe wa Machimboni

Kundi la watu waliojitolea kuandika habari za wanyama wa porini lilikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: mnyama anayewindwa hutangazwa, lakini mahali alipo hufichwa. Fundi cherehani aliijua sheria hiyo vyema, kwani ndiye aliyewafundisha wanakundi wapya. Kwa hiyo asubuhi ile, alipofungua tovuti ya kundi kwenye simu yake dukani na kukuta picha yake ya kobe akifukia mayai kwenye machimbo ya kokoto iko wazi kwa dunia nzima, pamoja na alama ya ramani, aliketi juu ya rundo la vitambaa.

"Babu, nimemuuza kobe!"

Babu yake, aliyekuwa akishona vifungo karibu na mlango, alimtazama juu ya miwani. "Umemuuzia nani?"

"Kila mwenye simu! Nilisahau kuficha mahali. Wawindaji watamchimbua na mayai yake."

"Basi ficha sasa, ulie baadaye. Kilio hakina haraka."

Alikuwa bado akibonyeza kioo cha simu pale kivuli kilipoziba mlango. Mwanamume mwenye gunia begani aliingia bila hodi.

"Shikamoo mzee. Yule kobe yuko wapi?"

"Marahaba. Kobe, humu?"

"Ramani ndiyo iliyonileta. Tazama mwenyewe."

Fundi alinyoosha shingo. Alama nyekundu haikuwa machimboni hata kidogo. Ilikuwa imetua juu ya paa la duka lao. Ndipo alipokumbuka. Kule machimboni hapakuwa na mtandao, akaituma picha baada ya kurudi kwenye cherehani yake, na simu ikaandika mahali alipo mtumaji badala ya mahali alipo kobe. Kosa lilelile ambalo kila mara aliwafokea wenzake kwalo!

Babu hakutikisika. "Kijana, humu mna sketi, suruali na mimi. Kwa mwendo, mimi ndiye ninayemkaribia kobe, lakini siuzwi. Tena gunia lako limetoboka. Lishonwe, au uondoke nalo hivyohivyo?"

Mgeni alichungulia chini ya meza, akasonya, akaenda zake.

Fundi alishusha pumzi ndefu, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Babu, si tuiache alama hapahapa? Wahangaike!"

"La. Wataalamu watakaosoma habari zako wataamini kwamba kobe hutaga chini ya cherehani. Ficha kwanza, kisha usahihishe. Usichanganye mpangilio."

Akaficha. Akasahihisha. Kisha akamwomba babu afungue picha ile kwa simu yake mwenyewe, apate kuhakikisha.

Mzee aliisogeza simu karibu, akaiweka mbali, akaigeuza kuelekea mwanga. Fundi alisubiri.

"Namwona kobe," hatimaye alisema. "Naona mchanga. Ni wapi, hata sijui."

"Hujui kabisa?"

"Kabisa, mjukuu wangu. Haya, nitungie uzi. Macho yamechoka kwa furaha."