Makinda Mawili ya Kinamasi

Siku ya tatu ya kelele zile, Rodah aliweka kikapu chake cha majani chai chini, akavaa gambuti, akateremka hadi kinamasini. Korongo wawili walikuwa wakizunguka kwenye mafunjo wakiita, mmoja huku, mwingine kule, kama wazazi waliopotelewa na mtoto sokoni. Kwa wiki tatu alikuwa amewaona na makinda yao mawili ya rangi ya kahawia, yakijifunza kutembea kati ya nyasi. Sasa hayakuwepo. Aliangalia kila mahali, hakuona manyoya yaliyotawanyika wala damu, kwa hiyo hakuwa mbwa. Kwenye matope kando ya kiota palikuwa na alama za viatu.

Alizijua alama zile. Ni yeye aliyekuwa akivisugua viatu hivyo vya mumewe kila Jumamosi.

Kinamasi kilikuwa mwisho kabisa wa shamba lao, pale chai inapokoma na mto Nyangores unapoanza kusikika. Majirani wa juu na wa chini walikuwa wameshachimba mitaro, wakakausha maji na kupanda mikaratusi. Rodah alipoolewa hapa, korongo walikuwa wakitua makundi kwa makundi, na mataji yao ya manyoya ya dhahabu yaling'aa hadi kuonekana barabarani. Siku hizi walibaki hao wawili. Kwao alikozaliwa, kong'ony, yaani korongo huyu, ndiye mnyama wa ukoo, hapigwi wala hafukuzwi hata akiingia kwenye mahindi. Ukoo wa mumewe, Nicholas, una mnyama mwingine, naye hakuwahi kuona kwa nini ndege wa wakwe zake wamhusu.

Alimkuta jikoni akinywa chai. Hakukana. Alieleza kwamba Mzee Jairus, mwenye hoteli kule Mulot, ndiye aliyezunguka kumpigia debe hadi akachaguliwa mwenyekiti wa kituo cha kuuzia majani chai. Jairus alipenda ndege bustanini, kwa sababu wageni wa kwenda mbuga ya Mara husimama kupiga picha. Nicholas aliona makinda mawili ni shukrani ya heshima.

"Hao ni ndege tu, Mama Fancy," alisema. "Watataga wengine."

"Watataga wapi?" Rodah aliuliza. "Nionyeshe mahali pengine palipobaki."

Nicholas alijimiminia chai nyingine.

Asubuhi iliyofuata Rodah alikwenda kwa Wamuyu, mwanamke aliyekuwa akisambaza mayai kwa pikapu yake katika hoteli zote hadi Mulot. Wazazi wa Wamuyu walihamia hapa kutoka Nyeri, naye alizungumza Kipsigis vizuri kuliko vijana wengi wa kijiji. Alikiri kwamba ameyaona makinda hayo nyuma ya jikoni, ndani ya waya wa kuku. Kisha akasema wazi kwamba Jairus ni mteja wake mkubwa na hataki ugomvi naye. Hata hivyo aliondoa kreti za mayai kwenye kiti cha mbele ili Rodah apate pa kukaa.

Kule hotelini, korongo mkubwa alikuwa akitembea kwenye nyasi zilizokatwa vizuri, kati ya meza za plastiki. Alipojaribu kujinyoosha, bawa moja lilifunguka lote, la pili likaishia katikati, naye akayumba upande. Mtoto wa mgeni mmoja alicheka. Rodah alipita moja kwa moja hadi nyuma ya jikoni. Makinda yalikuwa pale, yamewekewa mabaki ya ugali. Moja lilikuwa limesimama. Lingine lilikuwa limelala, shingo chini.

Jairus alimfuata. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa adabu, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuagiza aletewe chai. Rodah hakukaa. Jairus akamweleza polepole kwamba hapa ndege wako salama, hakuna nyoka wala mbwa, na kwamba ni mwenye boma mwenyewe aliyewaleta kwa mikono yake.

"Mama, zawadi hairudishwi," alisema. "Fikiria utakavyomwaibisha mzee wako."

"Hakuwa na haki ya kuwatoa, wala wewe ya kuwapokea," Rodah alisema. "Hata mimi sina haki hiyo. Ukiona ninaiba, piga simu polisi. Nitawangoja hapa hapa. Nitawaambia hawa wametoka wapi, na wewe utawaambia nani alikupa ruhusa ya kumkata yule mkubwa bawa."

Wageni walikuwa wamegeuza viti. Mmoja alikuwa ameinua simu. Jairus aliiona ile simu, akarudi hatua moja nyuma. Rodah alifungua waya. Aliyaweka makinda kwenye kikapu, akayafunika kwa leso, akatoka kwa lango la mbele.

Lile dhaifu lilikufa kabla pikapu haijafika Bomet. Lililobaki alilishusha kwenye mafunjo, akarudi juu kwenye chai na kuchuchumaa. Lilipiga kelele nyembamba, likanyamaza, likapiga tena. Korongo mmoja alivuka maji akitembea kwa tahadhari, akaliinamia. Hapo ndipo Rodah alipolia, kwa ajili ya yote mawili.

Jioni Jairus alimpigia Nicholas. Alitaka Rodah arudi Mulot kuomba msamaha, la sivyo Nicholas asimtegemee tena.

"Mwambie nitarudi," Rodah alisema. "Nitarudi kwa ajili ya yule mkubwa."

Nicholas alidhani ni hasira tu. Alhamisi Rodah alikwenda kwa maafisa wa wanyamapori, akaandika taarifa yake, jina lake na nambari ya kitambulisho. Akaandika jina la Jairus. Walipomuuliza nani aliyatoa makinda kiotani, alishika kalamu muda mrefu, kisha akaandika jina la mumewe.

Korongo wa hotelini alichukuliwa akatunzwe na wenzake ambao nao hawawezi tena kuruka. Jairus alipelekwa mahakamani. Nicholas alionywa vikali, na uchaguzi mwingine wa kituo ulipofika akapata kura za kuhesabu kwa vidole. Mama mkwe alisema Rodah ameliuza boma kwa serikali. Kanisani wanawake wawili walihama benchi lake. Rodah aliendelea kukaa pale pale, kila Jumapili, katikati.

Kinda lilichukua miezi mitatu kuruka. Siku hiyo wachumaji wote walisimama, mikono imejaa majani, wakatazama korongo watatu wakipita chini juu ya chai. Nicholas, ambaye kwa wiki nyingi alikuwa akizungumza na Rodah kuhusu mambo ya ng'ombe tu, alikuwa akifyeka kando ya njia.

"Ni yule?" aliuliza.

"Ni yule wa nyuma."

Nicholas alifuta panga kwenye nyasi. Akasema jirani wa chini, Lazarus, amekuja kuuliza kama wataunganisha mtaro wake na kinamasi, wapande mikaratusi pamoja.

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia akuulize wewe. Hajarudi."