Mnakaribishwa Chakula cha Mchana

Barua ya mshikamano iliandikwa Jumanne, wakati wa chai, na Mama Vifungo, katibu wa chama cha wafanyakazi wa kiwanda cha nguo. Ilikuwa ya kuwatumia wachimba madini wa nchi nyingine, nchi yenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, ambako wanajeshi waliuteka mgodi na kuwachimbisha watu kwa mtutu wa bunduki. Wanachama mia moja na sita walinyoosha mikono kuiunga mkono. Mama Vifungo akachukua barua ya kumuaga mpiga pasi aliyestaafu, akabadilisha majina. Lakini haraka haraka haina baraka, akasahau kufuta mstari wa mwisho: "Mnakaribishwa chakula cha mchana kantini, saa saba kamili."

Wiki tatu baadaye, saa saba kasoro dakika mbili, kigae kimoja cha sakafu ya kantini kiliinuka. Akatokea mwanamume mwenye taa kichwani, vumbi mpaka kwenye kope, barua mkononi.

"Hodi. Tumechelewa?"

"Bado. Mko wangapi?" mpishi akauliza.

"Thelathini na wawili."

"Na nyie mngetoa taarifa basi," mpishi akanung'unika, akaongeza maji kwenye mchuzi.

Mwenyekiti, mtu wa kanuni hata kwenye kupiga chafya, alisema wageni waruhusiwe kula na kuchangia mazungumzo, ila kura hawana. Na kigae kirudishwe mahali pake, mtu asijikwae.

Ikawa kila siku. Kantini haijawahi kuwa na raha kama ile. Wachimbaji waliimba huku wakigonga masufuria, na fundi wa cherehani mmoja, mama mzima mwenye wajukuu, alicheza mpaka akakalia sahani ya mtu. Yule wa kwanza wakambandika jina la Kope. Ikifika saa nane kasorobo walishuka, wote. Walihesabiwa mwisho wa zamu, na akikosekana mmoja, wake na watoto wao kule juu ya mgodi ndio walioulizwa. Mama Vifungo aliichukia saa nane kasorobo kuliko kitu chochote duniani.

Siku moja Kope aliweka kifungo mezani, kimeng'oka na uzi wake.

"Cha koti la mwanajeshi anayetulinda mgodini. Alinikaba, nikakishika."

Uzi ulipita mara tano na kumalizikia kwa fundo dogo ubavuni. Kiwanda kizima, mtu mmoja tu ndiye aliyefunga hivyo.

"Hiki nimekishona mimi," akasema Mama Vifungo.

"Umekishona vizuri, dada," Kope akajibu kwa upole. "Kilinisumbua kukitoa."

Wafanyakazi walikuwa wameambiwa makoti yale wanayoshona ni ya walinzi wa mabenki. Mama Vifungo akalia, akajifuta kwa aproni, kisha akapanda juu ya benchi na kutoa hoja: makoti yale yasishonwe tena. Mikono mia moja na sita ikanyooshwa. Nyuma ikanyooshwa mingine thelathini na miwili, yenye vumbi, na mwenyekiti, kwa mara ya kwanza maishani, akaihesabu.

Hakuna koti lililoshonwa pale tangu siku hiyo. Mwenye kiwanda alifoka siku mbili, siku ya tatu akaipeleka kazi kiwanda kingine. Makoti yakafika mgodini kwa wakati.

Mwezi uliofuata Kope akaleta kifungo kingine. Uzi mara nne, umepishana, hauna fundo. Bunduki zilikuwa palepale, na wao walikuwa bado wanashuka saa nane kasorobo. Mama Vifungo akakigeuza kifungo kwenye mwanga.

"Hawa nawajua. Wako ng'ambo ya mto, kiwanda chenye paa la bluu. Watu wazuri, hawajaambiwa tu."

Akaandika barua nyingine ya kuwakaribisha wachimbaji chakula cha mchana, safari hii kwa niaba ya paa la bluu, bila kuwauliza wenyewe. Akampa Kope, akaelekeza kwa kijiko chini ya sakafu.

"Chimbeni upande ule. Ila wenzetu wanakula saa sita na nusu, msichelewe."